Chumba cha machweo hakilaliki: majibu kwa wasomaji wanaojenga

Ofisi yetu ya usanifu majengo iko Dar es Salaam. Tunachora nyumba za kuishi, maofisi na majengo ya jamii, na tunachokihangaikia kila siku ni jengo likae vizuri kabla mtu hajagusa swichi. Kivuli kwanza, upepo pili, mashine mwisho. Msimu huu wa joto maswali yamekuwa mengi, nimechukua manane.

Nimejenga Kigamboni. Vyumba vya watoto viko poa, ila chumba chetu cha masta kinachotazama machweo hakilaliki mpaka usiku wa manane, hata feni ikiwa namba tano. Fundi anasema tuweke kiyoyozi. Tatizo ni bati?

Dada, leo saa tatu usiku ingia chumbani, weka kiganja ukutani upande wa machweo. Kisha nenda chumba cha watoto ufanye hivyohivyo. Nina hakika ukuta wako utaukuta una uvuguvugu kama sufuria iliyoepuliwa kitambo.

Tofali la saruji la inchi sita halizuii joto, linalichelewesha tu. Jua la saa tisa na saa kumi alasiri linapiga ukuta ule moja kwa moja, joto linapenya polepole, na linafika ndani wakati ninyi mnatandika kitanda. Feni inazungusha hewa ileile iliyokwisha pashwa.

Dawa iko nje. Tandaza mpesheni kwenye waya, hatua moja kutoka ukutani, ili hewa ipite katikati. Wakati unaota, panda mipapai mitatu minne, ndani ya mwaka mmoja tayari ina kivuli. Mwenye nafasi ajenge kibaraza cha makuti upande huo. Ukuta wenyewe upake rangi nyeupe.

Bati nalo lina mchango wake. Hewa ya juu ya dari inahitaji njia ya kutokea, basi toboa matundu yenye wavu kwenye pembe za paa na chini ya upenu. Ukiweka karatasi ya kung'aa chini ya bati, acha uwazi wa angalau sentimita mbili na nusu upande unaong'aa. Ikibanwa baina ya bati na mbao haifanyi kazi, na mafundi wengi wanaibana.

Kiyoyozi hakijakatazwa, ila piga hesabu kwanza. Feni ya dari ya wati 60 ikizunguka saa nane inakula nusu uniti. Kiyoyozi cha kawaida cha chumbani, usiku huohuo, kinaweza kula uniti nne hadi nane, na kikipambana na ukuta wa moto kitaelekea kwenye nane.

Mume wangu anataka paa la kuficha kama nyumba anazoziona kwenye simu. Mimi nataka mgongo wa tembo, paa la mteremko lenye upenu. Utuamue.

Niko upande wako, mama, na nitasema kwa nini. Ukuta unaoficha paa unaondoa upenu, na upenu ndio mwavuli wa nyumba. Hapa Dar mwezi wa sita jua la adhuhuri linakaa kaskazini, kiasi cha nyuzi 60 juu ya upeo. Upenu wa sentimita 90 wakati huo unaangusha kivuli cha kama mita moja na nusu ukutani, dirisha zima linakuwa gizani. Desemba jua linahamia kusini kidogo na linakaa juu zaidi, kwa hiyo upenu uleule unatosha upande wa pili. Ukiukata, umejinunulia joto na rangi itakayochujuka kwa mvua. Tena mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta ukijaa majani, maji yanarudi darini, na hayo nimeyaona kwenye nyumba ambazo hazijatimiza miaka mitatu.

Mzee akishikilia msimamo wake, basi akubali bapa la zege juu ya kila dirisha, litokeze si chini ya sentimita 60. Nyumba itabaki na sura anayoitaka.

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma ni mazuri?

Yanafunguka nusu. Umelipia dirisha la mita moja na nusu, upepo unapita sentimita 75, na wavu wa mbu unapunguza tena. Miaka yangu ya mwanzo nilimchorea mama mmoja wa Tanga nyumba nzima ya madirisha hayo. Nilipomtembelea Februari nilimkuta analala sebuleni kwenye mkeka, mlango wa mbele wazi, amebakiza geti la chuma tu. Aliniambia kwa upole, "Mwanangu, chumbani hakuingii kitu." Sijayachora tena kwa nyumba za pwani.

Tumia ya kufungua kama mlango, au luva za vioo ambazo watu wanazidharau kuwa za kizamani wakati zinafunguka karibu zote. Na dirisha moja peke yake halileti upepo, lazima hewa iwe na pa kutokea upande wa pili, hata kama ni matofali ya matundu juu ya mlango. Pwani tunao upepo wa uhakika, kusi kuanzia Aprili hadi Oktoba, kaskazi kuanzia Novemba hadi Machi. Uliza wazee wa mtaa unaingilia wapi kabla hujachora.

Kaka yangu ana ramani nzuri ya nyumba yake ya Tanga. Naweza kuitumia Dodoma?

Usiitumie, ndugu yangu. Tanga usiku una unyevu na joto halishuki sana, kwa hiyo nyumba inataka kuwa wazi muda wote. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya bahari, hewa ni kavu, mchana jua ni kali na usiku unatafuta blanketi. Huko ukuta mnene ni rafiki yako. Jenga kwa tofali za udongo za kufungamana, zile zinazoshindiliwa kwenye mashine kwa saruji kidogo bila kuchomwa, ufungue madirisha usiku ukuta upoe, mchana uyafunge. Yafanye madogo kuliko ya Tanga, maana upepo wa Dodoma huja na vumbi lake. Unaokoa pia kuni za tanuru, na miti ya Dodoma inaihitaji huruma hiyo.

Sisi wa Makete tunaganda. Mbona mnaongelea joto tu?

Kweli kabisa, naomba radhi. Kwenu geuza mambo: madirisha makubwa yaelekee kaskazini, kwa sababu Juni na Julai, mnapoganda, jua linapita upande huo na litaingia sebuleni. Weka dari kila chumba, ziba nyufa za milango. Jiko la kuni lisikose dohani.

Nataka sola ya nyumba nzima, Morogoro. Nianzie wapi?

Anzia kwa kuviondoa kwenye sola vitu vinavyopasha: birika, pasi, hita ya kuogea. Hivyo ndivyo vitakavyokulazimisha kununua betri kubwa. Maji ya kuoga yapashwe na jua moja kwa moja kwenye tangi la juu ya paa. Paneli zielekee kaskazini, ziiname kidogo ili mvua izioshe, na hakikisha tawi la mwembe halitupi kivuli hata kwenye kona moja.

Ofisi yetu Mombasa iko ghorofa ya tatu, mbele kioo kitupu kinachokabili jua la jioni. Tuna mapazia mazito na AC mbili, bado wanaokaa karibu na kioo wanalalamika, na bili ya stima inatuumiza. Tuongeze ya tatu?

Msiongeze. Jua likishapita kwenye kioo limeshaingia. Pazia linalipokea, linapata moto, na linapuliza joto hilo ndani kwenu. Kivuli cha jua kinafaa kikae nje ya kioo. Mwombeni mwenye jengo aweke mbao au bati zilizosimama wima nje, zikiwa zimegeuzwa kidogo kuelekea kaskazini au kusini, kwa kuwa jua la jioni liko chini na upenu wa juu haulifikii. Mji wa Kale wa kwenu una roshani za mbao zinazofanya kazi hiyohiyo tangu zamani, mtu anaona barabara na jua halimwoni.

Na soko kuu la Kariakoo, alilolichora Beda Amuli miaka ya 1970, lilisimama kwa miavuli ya zege iliyoacha hewa ipite chini yake na kukusanya maji ya mvua kwenye tangi la ardhini. Yule alikuwa na fedha za umma na mji wa joto, na hakujificha nyuma ya kioo.

Kamati ya shule, Lindi. Tunajenga madarasa mawili kwa nguvu za wananchi, msingi bado. Madarasa ya zamani mvua ikinyesha mwalimu ananyamaza kwa kelele za bati, na saa saba mchana watoto wanasinzia. Fedha ya dari ya kawaida hatuna.

Barua hii nimeisoma mara tatu. Mwaka 2001 msanifu majengo Francis Kéré alimaliza shule ya msingi kijijini kwao Gando, Burkina Faso, iliyojengwa kwa mikono ya wanakijiji. Alitengeneza dari ya tofali za udongo zenye nafasi za kupitisha hewa, kisha akaliinua bati juu yake kwa nondo nyembamba, likaachana na dari. Hewa ya moto inapanda na kutoka katikati. Mwaka 2022 alipewa Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Ninyi fanyeni kwa vya kwenu. Pasueni mianzi, ifumeni kama mkeka, ipakeni dawa ya wadudu, muifunge chini ya kenchi, zile fremu zinazobeba bati. Kelele itapungua na joto la bati halitashuka moja kwa moja vichwani. Acheni matundu yenye wavu juu kwenye kilele. Vizingiti vya madirisha viwe chini, upepo umfikie mtoto aliyekaa, si mwalimu aliyesimama peke yake. Pande ndefu zielekee kaskazini na kusini, na upenu uwe mpana kiasi cha watoto kusimama chini yake mvua ikiwakuta.

Kabla fundi hajapiga kamba, simameni uwanjani saa kumi jioni na mtoto mmoja wa darasa la pili. Mwulizeni jua linamchoma jicho kutoka wapi. Upande huo msiweke dirisha.