Baba anaganda mlangoni lakini ngazi anapanda: je, anadeka?

SWALI: Baba ana miaka 68 na ana ugonjwa wa Parkinson. Akiwa peke yake mkono hutetemeka kidogo tu, lakini wageni wakipiga hodi, chai yote inamwagika. Akifika mlangoni miguu inagoma, ila ngazi anapanda bila shida. Shangazi anasema anadeka. Ni mwili au ni mawazo?

JIBU: Hadeki, dada. Mwambie shangazi kwa upole, maana neno hilo linamuumiza mzee.

Katika Parkinson, seli za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini hufa polepole. Dopamini ndiyo hutuwezesha kutembea bila kuwaza. Mimi na wewe tukienda jikoni hatuifikirii miguu. Baba yako kila hatua anaiendesha kwa makusudi. Hodi ikipigwa, akili inakimbilia kwa wageni na miguu inabaki bila dereva. Ngazini, kila kidato kinayaonyesha macho pa kukanyaga. Mlangoni hakuna alama kama hiyo.

Kwa hiyo ni vyote viwili, mwili na mawazo. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, waliwadunga wagonjwa wa Parkinson maji ya chumvi, nao wakitarajia huenda ni dawa. Ubongo wao ukatoa dopamini kwa matarajio tu! Hiyo haina maana kwamba ugonjwa ni wa kuwaza, wala kwamba dawa ziachwe. Hata wasiwasi na huzuni ni sehemu ya ugonjwa huu, na kwa wengine hutangulia kabla mkono haujaanza kutetemeka. Vinatibika, kwa hiyo mweleze daktari.

Hapo mlangoni, bandika selotepu ya rangi inayoonekana vizuri sakafuni, mistari inayokatiza njia, kila mmoja hatua moja kutoka mwenzake. Akiganda usimvute mkono, wala usimwambie "twende, twende". Asimame, avute pumzi, aegemee mguu mmoja, kisha wa pili, ahesabu "moja, mbili", auvuke mstari. Mzee mmoja ninayemfanyisha mazoezi huwekewa na mkewe ncha ya kandambili mbele ya mguu, anaivuka, anapita.

Tena, andika saa anazoganda na saa anazomeza levodopa, dawa ya Parkinson. Kama anaganda zaidi dozi inapokaribia kuisha, daktari anaweza kupanga upya saa za dawa. Msizibadilishe wenyewe, na msiziache ghafla.