Barua za Watunzi: Mama, Baba na Maji ya Bamvua

Nimemtungia mama shairi la beti sita, na kila ubeti unasema nampenda. Wenzangu wanasema limepwaya. Nimekosea wapi? — Msomaji, Kisauni

Mstari uliotuletea ni huu: "Mama wangu nakupenda, pendo lisilo mpaka." Mizani, yaani hesabu ya silabi, imetimia, 8 kwa 8, hapo huna deni. Ila mstari huo mtu yeyote angeweza kumtungia mama yeyote. Mtazame Mwana Kupona binti Msham, aliyemwachia bintiye utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Ubeti wa pili wasema:

Maradhi yamenshika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Neno "nakupenda" halimo. Kilichomo ni mama aliyeugua mwaka mzima, na bado hajamwambia mwanawe la kumwambia. Hesabu: kila mshororo mizani 8, vina (silabi za mwisho zinazolingana) -ka mara tatu, kisha -a inayorudi mwisho wa kila ubeti mpaka utendi uishe. Baada ya hapo anaingia kazini, anamfunza mwana radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Hata mume akilala, asiamshwe, na asikose mtu wa kumpepea. Msomaji wa leo huenda akaona masharti hayo yanamlemea binti, na hatutamkatalia. Mapenzi ya mzazi ndivyo yalivyo mara nyingi: hulinda na kubana kwa mkono uleule. Shairi linaloficha upande mmojawapo hupwaya.

Kwa hiyo shika tendo moja alilolifanya mama yako, ukae nalo ubeti mzima. Ukiwa umeshataja vibakuli viwili vya chakula cha jioni, kimoja chako na kimoja chake, mstari unaofuata unaweza kuwa: "Changu kimejaa nyama, chako mchuzi mtupu." Mizani ni ileile 16, na neno la mapenzi halihitajiki tena. Beti sita nazo ni nyingi. Anza na tatu.

Wanafunzi wangu wakitungia bahari huishia "nzuri" na "buluu". Nawatoaje hapo? — Mwalimu, Likoni

Mwalimu, wapeleke ufukweni na daftari, na wasiruhusiwe kuandika sifa hata moja. Waandike majina na vitendo tu: maji yamefika wapi, yameacha nini, nani anaokota nini. Sifa watatia baadaye kama bado wanazihitaji.

Halafu wakague ukweli wa maumbile kabla ya kuyageuza mafumbo. Bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi ukiandama na ukipevuka, na hapa Mombasa tofauti ya maji kujaa na kutoka hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Mtunzi anayeleta bamvua chini ya mwezi nusu amejiharibia: mvuvi akisoma hapo huacha kumwamini, hata kwa yale ya moyoni. Pepo nazo vivyo hivyo. Kusi, takriban Aprili hadi Septemba, hutoka kusini na kupeleka jahazi Lamu. Kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, huileta huku. Tumepokea mashairi mengi yanayompeleka mpenzi Lamu kwa kaskazi, tanga limejaa upepo. Huyo hafiki.

Fumbo likijengwa juu ya ukweli huo lina nguvu. Maji mafu hayajai sana wala hayatoki sana. Mwambie mwanafunzi atafute mtu wa nyumbani mwenye tabia hiyo.

Nataka kuandika juu ya ukatili wa baba. Nikisoma mbele ya watu naambiwa ni malalamiko. — Msomaji, Majengo

Umeandika "Baba yangu u katili, huna huruma moyoni." Hiyo ni hukumu, na msikilizaji hajasikia ushahidi. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni fumbo la mnyama. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972, ana shairi "Mamba" katika Sauti ya Dhiki (1973): mamba wa mtoni anayejiona ataishi milele. Hakuna mtawala anayetajwa, na hakuna asiyemwona. Sikiliza pia umbo lake: kipande cha mizani 4, kisha cha 8. Kifupi hupiga, kirefu hueleza. Umbo hilo lafaa ghadhabu kuliko 8 kwa 8, ambayo hubembea.

Ya pili, tunayoipendelea kwa baba wa nyumbani, ni kibwagizo, mstari unaorudi mwisho wa kila ubeti, kisichobadilika maneno ila kinachobadilika maana. Mfano: "Baba amerudi leo, fungua mlango hima." Ubeti wa kwanza awe ametoka safarini, ana zawadi, watoto wanakimbilia mlangoni. Ubeti wa tatu utie hiki: "Zikisikika funguo, redio sote twazima." Kibwagizo kikirudi hapo, furaha imekuwa hofu na hujaongeza neno. Vina ni -o na -ma, kwa hiyo mistari yote ya ubeti huo ifuate. Wengi huharibu kwa kukibadilisha kibwagizo mwishoni ili "kieleweke". Kiache kama kilivyo.

Na usimfanye baba shetani mtupu. Zile zawadi za ubeti wa kwanza ziwe za kweli, la sivyo mlango hauogopeshi.

Mizani zangu huzidi moja kila mara. — Msomaji, Tudor

Hesabu kwa sauti, mkono mezani, usihesabu kwa macho. "Mtoto" ni mizani 3 (m-to-to), "mwana" ni 2. "Nchi" ni 2, "ndege" pia 2. Kwenye maneno ya mkopo konsonanti iliyobaki peke yake huhesabiwa: "labda" ni 3, "daftari" ni 4. Ukizidisha moja, tazama kwanza "mtoto" na uweke "mwana". Mara nyingi tatizo huishia hapo.