Saa kwanza, kamera baadaye

Mhariri, swali lenu la wiki linasema: "Mpiga picha wa mjini anawezaje kufanya kazi hifadhini kwa gari lake bila kurudi na hasara?" Nachukua mfano wa Mikumi, kwa kuwa mtu wa Dar es Salaam huifikia kwa lami, takriban kilomita 300, na makosa ya huko hayatofautiani na ya Ruaha au Serengeti.

Hasara huanzia getini. Kibali huhesabiwa saa 24 kwa kuingia mara moja, na kuendesha ndani usiku hakuruhusiwi. Ukiingia saa 8 mchana ukalala ndani, unapata jioni moja na asubuhi moja, kisha unatoka kabla ya saa 8 kesho yake. Anayelala nje, mjini Mikumi, anapoingia tena analipa upya kwa mwanga uleule. Getini hawapokei fedha taslimu, kwa hiyo maliza habari ya malipo mtandao ukiwa bado upo.

Mwanga wa kazi ni saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 10 hadi saa 12 jioni. Kuanzia saa 4 ardhi imeshapata moto na hewa inatetemeka juu yake. Simba aliye mita 150 atatoka kama amepigwa nyuma ya maji, hata kwa lenzi ghali ya milimita 600. Wengi hulaumu lenzi wakaipeleka kwa fundi, na haina kosa lolote. Dawa ni kumpata mnyama karibu au kusubiri jioni, kwa sababu kuacha njia ili umsogelee ni marufuku.

Zima injini kila unapopiga. Mtikisiko wake hauonekani kwenye kioo cha kamera, unaonekana nyumbani. Shona mfuko wa turubai, utie kilo 2 au 3 za mchele au maharage, shusha kioo cha dirisha chote, ulaze lenzi juu ya mfuko. Kwa mnyama anayekimbia anza na kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde. Kwa ndege arukaye, 1/2000. Mchele ukilowa uutoe siku hiyohiyo, la sivyo utavunda.

Vumbi ndilo adui mkubwa. Ukilazimika kubadili lenzi, funga vioo, zima feni ya gari, ngoja vumbi litue, kisha shika kamera mdomo ukiangalia chini. Afadhali kamera mbili, kila moja na lenzi yake, kuliko moja inayofunguliwa mara kumi kwa siku. Kati ya kituo na kituo zifunike kwa foronya safi ya pamba. Usibebe mifuko ya plastiki kwa kazi hiyo, imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Na usivae bluu iliyokoza wala nyeusi kwenye miombo: mbung'o huzifuata rangi hizo, na mtu anayeumwa shingoni hatulizi mkono.

Gari nalo. Kwenye njia mbovu, upepo wa tairi wa psi 35 ushushe hadi 28, usizidi kilomita 50 kwa saa, na uwe na pampu ya kuurudisha kabla ya kukanyaga lami. Tairi lenye upepo mdogo likienda kasi hujikunja ubavuni, hupata moto na kupasuka. Beba spea mbili, na ubao wa kuweka chini ya jeki. Kumbuka kwamba neno "mbuga" lenyewe hutaja pia bonde la udongo mweusi: uwanda wa Mkata, ulio ndani ya Mikumi, ukilowa, udongo huo hujaza meno ya tairi na hata gari la fowili huteleza kama sabuni. Machi hadi Mei waulize askari wa hifadhi njia zipi zinapitika. Mvua zikiisha majani huwa marefu. Chungulia chini ya gari kila mapumziko, maana majani makavu yakinasa kwenye ekzosi huwaka.

Safari ya kwenda, kurudi na kuzunguka ndani haipungui kilomita 750; gari kubwa linalokula lita 1 kwa kilomita 7 litataka lita 107 hivi. Lakini anayemtoza mteja mafuta na kibali tu anajiibia, kwani siku 2 za porini huzaa siku 2 au 3 za kuchambua picha mezani. Picha 2,000 za megabaiti 30 ni gigabaiti 60, na kadi isifutwe kabla hazijakaa kwenye diski mbili zinazosafiri katika mikoba tofauti. Andika maelezo usiku huohuo: mnyama, mahali, tarehe. Mhariri anayenunua picha huuliza hayo kwanza.

Kazi ya biashara inahitaji kibali chake, mbali na kile cha mtalii, na droni hairushwi bila idhini maalumu; yaulizie TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kabla ya kuwasha gari. Picha ni mali yako kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, basi andika kwenye mkataba itatumika wapi na kwa muda gani. Ukifika Serengeti au Ngorongoro ukampiga faru, ondoa alama ya mahali kwenye faili kabla ya kuirusha mtandaoni, kwa kuwa majangili nao hutazama picha.