Jibu: Kwa nini saruji iliyochanganywa na maranda haikushika

Ndugu wa Igoma umeuliza kwa nini matofali yako ya saruji na maranda ya mkaratusi bado yanamegeka kwa ukucha siku ya tatu, na kama uliuziwa saruji mbovu. Sidhani kwamba kosa ni la saruji. Nimetengeneza vibamba vya namna hiyo hapa Mwanza kwa maranda ya mashine za kupasulia mbao, na kila tatizo hilo lilipojitokeza, chanzo kilikuwa sukari iliyomo ndani ya mti wenyewe.

Mbao kavu ni selulosi, yaani nyuzi zinazoupa mti umbo, kwa takriban asilimia 40 hadi 50, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni hemiselulosi, ambayo nayo ni minyororo ya sukari, na lignini, kitu kinachogandisha nyuzi hizo pamoja. Selulosi haina madhara, kwa sababu minyororo yake mirefu ya glukosi imeshikamana kwa nguvu na maji hayaiyeyushi. Kinachodhuru kwanza ni sukari huru, yaani sukrosi, glukosi na fruktosi, ambazo hupatikana zaidi, pamoja na wanga, katika sehemu nyeupe ya nje ya gogo kuliko kwenye kiini. Sukrosi ikifikia hata sehemu moja katika elfu ya uzito wa saruji huchelewesha kushika, kwa kuwa hunata juu ya chembe zake na kuzuia fuwele mpya zisikue.

Hemiselulosi ndiyo inayowaponza wanaoamini kwamba kuosha mara moja kunatosha. Minyororo yake ni mifupi, na katika miti kama mkaratusi aina iliyo nyingi huitwa zailani, yenye vikundi vidogo vya kemikali viitwavyo asetili vilivyoning'inia juu yake. Sehemu yake hutoka kwa maji, hasa ya moto. Iliyosalia hukutana na alkali kali (kinyume cha asidi) ya saruji mbichi, ambayo pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali ambapo maji safi ni 7, huzidi 12, nayo huving'oa vikundi hivyo, huikatakata minyororo na kuzalisha asidi ambazo nazo huchelewesha saruji. Msonobari, ambao hemiselulosi yake kuu imejengwa zaidi kwa sukari nyingine iitwayo manosi, kwa kawaida hausumbui kiasi hicho.

Ukiloweka maranda, maji hugeuka rangi ya chai na juu huelea povu jepesi. Rangi hiyo hutokana zaidi na tanini, kemikali kali za mti kama zile za majani ya chai; sukari haina rangi, kwa hiyo maji kuwa meupe si ushahidi kwamba imekwisha. Kipimo ninachokiamini ni kuchukua maji ya mwisho ya kuoshea, kukandia saruji kidogo katika kikombe kimoja, kukandia nyingine kwa maji ya bomba, kisha kuvibonyeza vyote kwa msumari kesho yake. Cha kwanza kikiwa bado laini, osha tena kwa maji ya moto, na ukiweza loweka kwa maji ya chokaa, ili alkali imalize kazi yake kabla ya saruji kuingia, kisha suuza. Maji hayo usiyamwage ziwani, kwani bakteria wanaokula sukari hiyo humaliza oksijeni ya samaki.

Wapo watakaokushauri kuongeza kloridi ya kalisi, aina ya chumvi, ili kuharakisha kushika. Inasaidia kweli, lakini usiitumie penye nondo, kwa sababu kloridi huleta kutu.