Kama kiungo hakifungi kwa mkono, usikitie gundi

Mkuu, weka hiyo gundi chini kwanza. Umesema mbao zako za mninga za uso wa meza zikikutana kingo kwa kingo zinaacha uwazi katikati unaopitisha sarafu, na unategemea klampu (vibanio vya kukaza) zizivute, halafu palipobaki uzibe kwa gundi na unga wa mbao. Meza hiyo itakurudia.

Yangu ilirudi. Meza ya chakula ya watu sita, mninga mtupu, mteja keshalipa. Ilitoka karakana huoni hata unywele kwenye kiungo. Kiangazi kilipoingia ikaachia katikati, palepale tulipolazimisha. Kuchungulia ndani, gundi inang'aa pande zote mbili, haina hata uzi mmoja wa mti. Kiungo kilichoshika ukikivunja, inachanika mbao. Na gundi nyeupe ya mbao ikishakauka, mpya haishiki juu yake, kwa hiyo hakuna kumimina nyingine na kubana tena. Ilibidi kupasua viungo vyote na kuranda mpaka tupate mbao safi. Meza ikapungua upana, ubao wa kufidia nikanunua kwa hela yangu. Bei ya mninga unaijua.

Aliyetupotosha ni fundi mkuu wa karakana niliyojifunzia. Kiungo kikikataa, yeye ni "kaza klampu, gundi itamaliza". Na alikuwa anajua! Kazi za nyumbani kwake aliranda mpaka zikae zenyewe. Sisi vijana alitaka tumalize oda tu. Mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira.

Gundi nyeupe haijazi pengo. Maji yakitoka inasinyaa. Inataka mbao iguse mbao. Klampu nayo kazi yake ni kushikilia kilichokwisha kukaa. Ubao ulionyooshwa kwa nguvu unabaki unavuta usiku na mchana, na anayebeba mzigo huo ni gundi peke yake.

Kwa hiyo zilaze mbao mbili uso kwa uso kama kitabu kilichofungwa, zibane, uzirande kingo kwa pamoja. Hata randa ikilala upande, pembe zitafidiana. Kisha simamisha moja juu ya mwenzake, kingo kwa kingo, taa nyuma. Mwanga ukipita, rudi kwenye randa. Uzungushe kidogo ubao wa juu: ukizunguka kirahisi kwa katikati, pana kinundu. Ukiridhika, funga klampu zote bila gundi, moja juu moja chini ili meza isijikunje. Zikidai nguvu kuliko mkono wako, fungua, randa tena. Usijidanganye hapa, tafadhali.

Hapo sasa ndiyo gundi: nyembamba, pande zote mbili, na haraka, maana kwa joto la Dar inaanza kukauka ukiwa bado unatafuta klampu ya tatu. Vitone vya gundi vikitoka mstari mzima, acha kukaza. Usiipe kazi meza mpaka saa 24 zipite.

Kabla ya yote hayo, piga picha ya mbao zikiwa zimesimama na taa nyuma, uilete hapa tuione.