Kwa wanaoanza kazi katika kliniki ya afya ya akili: sonona inapoficha ugonjwa mwingine

Mgonjwa wa sonona huja akilalamikia usingizi, uchovu na kukata tamaa, nawe ukimjazia PHQ-9, fomu ya kupima sonona yenye maswali 9, utapata alama zake upesi, ilhali fomu hiyo haina hata swali moja kuhusu mawazo sumbufu wala vitendo vya kurudiarudia, yaani dalili za ugonjwa uitwao OCD. Ndiyo maana mtu anayetawadha upya mara nyingi kwa kuhofu kwamba udhu haujatimia, au anayeshindwa kutoka nyumbani kwa kukagua jiko, anaweza kutibiwa sonona peke yake kwa muda mrefu. Mwenyewe hasemi kwa sababu ya aibu, hivyo muulize waziwazi.

Akikiri, chunguza kilichotangulia. Mara nyingi mawazo hayo huanza utotoni au ujanani, kisha sonona hufuata baada ya miaka ya kupoteza muda, masomo na uhusiano na watu. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2010 uliwakuta takribani watu 4 kati ya 10 waliowahi kuwa na OCD wakiwa wamewahi pia kupata sonona kali.

Mpangilio huo unagusa hata dawa. Amitriptilini, ambayo hutumika sana kutibu sonona, haitegemewi kwa mawazo sumbufu. Zinazotegemewa ni kama fluoksetini na klomipramini, mara nyingi kwa dozi kubwa kuliko ya sonona, na nafuu huweza kuchukua hadi wiki 12. Wageni wa kazi (nao si peke yao) huharakisha kupendekeza dawa ibadilishwe kabla ya muda huo kwisha.

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni mawazo ya kujidhuru. Yuko anayevificha visu kwa sababu wazo la kujichoma humjia bila kulitaka na humtisha, na yuko anayeona kifo kuwa ni nafuu. Wa kwanza akichukuliwa kuwa ndiye wa pili, hofu yake huzidi na pengine hatasema tena. Lakini kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuwa na hali zote mbili, usimruhusu aondoke kabla ya kumuuliza kuhusu nia, mpango na kama amewahi kujaribu.

Sonona ikiwa nzito, mgonjwa hukosa nguvu za kufanya mazoezi ya tiba ya OCD, yaani kukabili hofu bila kurudia vitendo vyake. Usimwandike kuwa mkaidi. Mjulishe daktari ili sonona ishughulikiwe sambamba, na mazoezi yaanzie kwenye hofu ndogo.