Jibu: Mapango ya Mlima Elgon kutoka Kisumu

Ndugu, umeuliza kama familia inaweza kutoka Kisumu, ione mapango ya Elgon na irudi jioni. Haifai, laleni Kitale. Asubuhi pandeni matatu ya Endebess, kisha bodaboda hadi Chorlim, lango la Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon. Mkija na gari lenu, liwe la kuvuta magurudumu yote manne: udongo wa kule ukinyeshewa huteleza, na gari ndogo huishia mtaroni. Desemba hadi Februari ndiyo miezi mizuri. Kiingilio lipieni kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mkiwa bado Kitale, maana mtandao langoni si wa kutegemea.

Ombeni askari wa wanyamapori mwenye bunduki awaongoze hadi mapango ya Kitum na Makingeny. Ndovu huingia Kitum usiku kukwangua chumvi ukutani kwa pembe, ndiyo sababu ya michirizi mtakayoiona. Wasabaot, wenyeji wa mlima huu, nao waliishi katika mapango haya na mifugo yao, na chumvi hiyo hiyo wakailisha ng'ombe. Kwa hiyo msichore majina ukutani. Yalikuwa makao ya watu yale!

Popo ndio wa kuchunga zaidi. Wageni wawili waliozuru Kitum, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walikufa kwa virusi vya Marburg, ambavyo hubebwa na popo na huleta homa kali ya kutokwa damu. Vaeni barakoa, glavu na viatu vilivyofunika; msiguse kinyesi wala kula ndani. Watoto wadogo, kwa maoni yangu, wabaki mdomoni mwa pango. Kila mtu awe na tochi yake. Ya simu haitoshi.